Jinsi Nguzo za Sindo Zilivyopokelewa kwa Vilio

Kabla hamjaituma ile video kwa mtu mwingine, nisikilizeni. Ndiyo, yule mwanamke aliyetoa mkono dirishani akiwapungia wafiwa, meno yote nje, ni mimi. Ndiyo, wale akina mama wanalia na mimi nawapigia honi ya furaha. Nyinyi wenzangu wa kwaya mmenicheka mpaka mbavu zimewauma, na Jumapili wimbo wa kwanza ulituharibikia kwa sababu kila aliyeniangalia usoni alishindwa kufungua mdomo vizuri. Kila mmoja ananiuliza, "Mama Stacy, ilikuwaje?" na nikianza kueleza mnanikatiza kwa kicheko. Basi nimeandika. Someni mpaka mwisho, halafu mcheke mkitaka.

Kazi yangu mnaijua: naendesha pikapu mbele ya malori yenye mizigo mirefu. Taa zinawaka mchana, bendera nyekundu iko juu, na mimi nawaonya wanaokuja wakae kando kwa sababu nyuma yangu kuna kitu kisichoweza kukwepa. Habari za vibali na mihuri naziruka, maana hata mimi zinanichosha. Lakini safari hii haikuwa kama nyingine. Nguzo zilikuwa zinaenda kwetu.

Mbele kidogo ya Sindo, karibu na ziwa, kuna mashine inayosukuma maji hadi kwenye mabomba ya kijiji. Nyaya za stima yake zinavuka korongo pana, na dhoruba ya mvua kubwa iliangusha nguzo zilizokuwa zikizibeba. Tangu siku hiyo mabomba yalikauka, na akina mama wakarudi kuteka maji ziwani, pale pale ambapo viboko wamehamia. Jirani yetu mmoja alikimbizwa akaacha mtungi na ndara zake, akafika nyumbani hawezi kusema. Mama yangu ana magoti mabovu, hawezi kukimbia hata mbele ya mbuzi. Nimembembeleza aje akae nami Migori, na jibu lake ni moja tu: nani ataangalia boma? Kwa hiyo kila simu ikilia na ni namba ya huko, nilikuwa naidaka kabla haijalia mara ya pili.

Korongo lile linataka nguzo ndefu kuliko hizi za kawaida, na kreni ya kuzisimamisha. Kreni na mafundi walikuwa wameshafika, lakini wangekaa hadi Jumamosi saa sita mchana tu. Baada ya hapo walikuwa wanatakiwa kaunti nyingine, na hakuna aliyeweza kuniambia wangerudi lini. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu safari nzima, nguzo zifike kabla kreni haijaondoka. Tulitoka Alhamisi.

Kehancha hadi Migori

Nguzo zilipakiwa kwenye yadi iliyo nje kidogo ya Kehancha, na dereva wa lori alikuwa Mwita, mwenyeji wa huko huko. Ni mtu mrefu, mpole, asiyesukumika. Nguzo zilikuwa zimefungwa kwa minyororo juu ya trela, na mikia yake ilitokeza nyuma mbali sana, ikinesanesa kila lori lilipotikisika. Mwita aliuzunguka mzigo, akagonga kila mnyororo kwa nyundo, akasikiliza, akazunguka tena. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwita, kweli tutaondoka leo?"

"Tumeshaondoka, Mama Stacy," akasema. "Hii ndiyo kuondoka yenyewe."

Nilitamani kumzaba kibao. Kutoka tu kwenye lango la yadi kulikula asubuhi nzima, kwa sababu kichwa cha lori kikikata kushoto, mkia unafagia kulia, na kulia kulikuwa na kibanda cha mama wa mandazi. Mama yule alihamisha jiko lake mara ya kwanza, akahamisha mara ya pili, ya tatu akakaa juu ya kigoda chake akakunja mikono. Ilibidi tununue mandazi yote yaliyokuwa kwenye karai ndipo akainuka.

Hatukwenda mbali tukakutana na ng'ombe wakipelekwa mnadani, wamejaza barabara. Mwenye ng'ombe hakuwa na haraka. Alisimama katikati ya lami akamsalimia Mwita kwa Kikuria, wakaulizana ukoo, wakaulizana rika, wakagundua kwamba walitahiriwa msimu mmoja. Hapo ikawa sherehe. Mwita alizima injini akashuka. Mimi nikapiga honi. Wakanitazama wote wawili kwa huruma, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

"Mtu wa rika yangu siwezi kupita kama jiwe," Mwita alinieleza baadaye. "Hata wewe ungefanyiwa hivyo ungeskia vibaya."

Nikawasha pikapu, maana ningejibu vibaya.

Migori tulifika jua limeshapita utosini. Hapo alitungoja Ouma, mwenye gari dogo la kulinda nyuma, kwa sababu mzigo kama ule unatakiwa uwe na jicho mbele na jicho nyuma. Tulikuwa tunakunywa chai kando ya barabara, tunashushia nayo yale mandazi, walipokuja wanaume wawili waliojaa vumbi la mawe hadi kwenye kope. Wakaanza kuzipiga nguzo makofi kama wanunuzi.

"Madam, hii mti ni ya shimo ya nani?" mmoja akauliza. "Sisi tumeitisha mti huko Osiri tangu wiki jana, na hatujaona."

Walikuwa wachimbaji wa dhahabu, na kuta za mashimo yao huzuiwa kwa magogo zisiwaangukie. Nikamwambia nguzo ni za stima na zinaenda Sindo.

"Sasa si mkate tu hapo nyuma kidogo? Hiyo yote imebaki nje ni ya nini? Stima haiwezi jua."

"Stima haiwezi jua, lakini mimi nitajua," nikamwambia, na tukacheka. Niliwapa mandazi mawili kila mmoja. Walipoondoka walikuwa bado wanageuka kuzitazama zile nguzo.

Migori hadi Rongo

Ile barabara ya kupitia Awendo ni ya trekta za miwa, na trekta ya miwa haijui habari ya mtu mwingine. Zinakuja zimebeba miwa iliyotapakaa pande zote, na dereva wake amekaa upande upande anaongea na simu. Tulijipanga nyuma ya moja, tukaiacha, tukapata nyingine. Ouma alikuwa nyuma, mimi mbele, na Mwita katikati akiendesha kwa mwendo wa bibi harusi.

Karibu na Rongo nilitangulia kidogo kutafuta uwanja wa kulaza lori, kwa sababu mzigo mrefu hauruhusiwi kutembea giza likiingia. Nilikuwa bado naongea na mwenye uwanja simu ikalia. Alikuwa Mwita.

"Ouma amebaki Awendo kwa fundi. Radieta imepasuka."

"Aki Mwita! Na nyuma sasa kuna nani?"

"Hakuna mtu. Na ile kitambaa nyekundu ya mkia imechukuliwa na miwa, trekta imepita imeing'oa yote. Lakini usijali, nimetengeneza."

Nikasema sawa. Sikuuliza ametengeneza kwa kutumia nini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwita alikuwa ameteremka na panga, akakata matawi mabichi kando ya barabara, akayafunga kwenye mkia wa nguzo, fungu kwa fungu, vizuri kabisa. Kwa dereva, tawi bichi ni onyo. Lori likiharibika njiani tunaweka matawi barabarani ili mtu asilivamie. Mwita alifanya lile ambalo dereva yeyote angefanya. Lakini nyinyi mmezaliwa Uluoni kama mimi. Mnajua tawi bichi linasema nini likifungwa kwenye gari linalokwenda polepole, lenye taa zinazowaka mchana na bendera nyekundu mbele yake. Linasema kuna marehemu anarudishwa nyumbani.

Mimi nilikuwa mbele. Kwenye kioo changu nilikuwa naona uso wa lori tu, mkia siuoni. Asubuhi ya Ijumaa, Ouma akiwa bado kwa fundi, niliondoka wa kwanza uwanjani, sikuuzunguka mzigo hata mara moja.

Rongo hadi Homa Bay

Kipande hiki kilikuwa kizuri, na nawaambia ili msidhani safari nzima ilikuwa mateso. Watu walitupisha sana. Magari yalikaa kando, wengine wakavua kofia. Nilishangaa adabu imetoka wapi katika barabara zetu. Hata pale Rodi Kopany, ambapo sijawahi kupishwa na mtu tangu nianze kazi, muuza nyanya alisogeza mkokoteni wake mwenyewe akasimama kimya akitutazama. Nikamwambia Mwita kwenye simu, "Unaona? Watu wanaheshimu kazi yetu siku hizi."

"Ni kweli," Mwita akasema. "Mimi mwenyewe nimeshangaa."

Homa Bay tukala samaki. Mwita amekulia kwenye ng'ombe, na alipoletewa ngege mzima mwenye macho yake mawili alimgeuza kwenye sahani aangalie upande wangu. "Ananitazama," akasema. Mama wa hoteli alimcheka, akakaa karibu naye akamwonyesha pa kuanzia, shingoni, na jinsi ya kutoa miba kwa ulimi. Alimaliza. Akaagiza mwingine, na huyo hakumgeuza.

Tukiwa hapo fundi mkuu wa kreni alinipigia.

"Mama Stacy, uko wapi?"

"Homa Bay."

"Bado Homa Bay? Mimi sina ubaya na wewe, lakini kesho saa sita nikiwa sijaona mti, nakunja kreni naenda. Nimeitwa mahali."

Nikapiga simu kwa mama ili nitulize roho. Alikuwa na furaha ya mtoto. "Akoth, nimewaambia wote," akasema. "Hata kanisani wametangaza kwamba mtoto wangu analeta stima. Watu watakupokea." Nikamwambia aache mambo ya kutangaza, lakini kichwa kilinivimba. Niliingia kwenye pikapu nikajipaka hata mafuta ya midomo.

Mapokezi

Tulikuwa tumeiacha Homa Bay nyuma, vilima viko upande mmoja na ziwa upande wa pili, nilipoona bodaboda zinakuja kwa kundi. Zilitupita, zikaenda hadi nyuma ya lori, zikageuka zikarudi kwa honi na kelele, wengine wamesimama juu ya pikipiki. Wakajipanga mbele yangu. Mmoja alinipa ishara nimfuate.

Nilijua mara moja kwamba habari ya mama imefika hadi huku. Nikawasha taa za hatari, nikawapigia honi. Niliona fahari, siwezi kuwaficha. Nilikumbuka jinsi nilivyoambiwa kwamba mwanamke hawezi kazi ya barabara, na sasa wanaume wazima wananifungulia njia.

Mbele yetu daraja dogo lilikuwa linatengenezwa, na magari yote yanateremka kwenye njia ya pembeni ya murram, udongo mtupu usio na lami, yenye kona mbaya. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale, nishuke, nimwongoze Mwita. Lakini bodaboda zilikuwa zinaenda, na mimi nikaenda nazo. Nikajisemea Mwita ni dereva mzuri, ataipita.

Tulipotokea upande wa pili nikaona watu. Walikuwa wamejaa kando zote mbili za barabara, akina mama wameshika vichwa, wengine wanakimbia sambamba na pikapu huku wakipiga mayowe. Nyinyi mnajua akina mama wetu wakifurahi wanapiga kelele, na wakilia wanapiga kelele. Vioo vyangu vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Nikashusha kimoja, nikatoa mkono, nikapunga. Hapo ndipo yule kijana aliyerekodi video kwa simu aliponipata vizuri kabisa.

Bodaboda zilikata kuingia kwenye boma kubwa. Nikaona mahema, viti vya plastiki vimepangwa, sufuria zinachemka. Nikajua ni chai tumeandaliwa, nami nikaingia. Nilizima gari katikati ya uwanja, nikashuka nikinyoosha nguo, na maneno ya shukrani yako tayari mdomoni. Ndipo macho yangu yakaangukia ile picha kubwa mezani, ya mzee mwenye koti, imezungukwa na maua, na pembeni yake imeandikwa buriani.

Nilitaka kurudi ndani ya gari lakini watu walikuwa wameshanizunguka. Pikapu yangu ina kanopi iliyofungwa, na wote waliamini mzee wao amo humo, na kwamba lile lori lililo nyuma limeleta miti ya mahema. Vijana walifungua mlango wa nyuma. Mama mmoja mzee, mwenye kanga nyeusi, alisogezwa mbele akiwa ameshikwa mikono na mabinti zake. Alikuwa Mama Consolata, mjane. Akachungulia ndani. Mlikuwa na minyororo, vigingi vya kuzuia magurudumu, na gunia la viazi vitamu nililokuwa nikimpelekea mama yangu.

Vilio vilikatika vyote kwa pamoja.

"Nyathina," akaniambia taratibu, mwanangu, "umeleta nini hapa?"

"Viazi, mama," nikasema.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mwanamume mnene mwenye kipaza sauti mkononi, alinijia juu. "Wewe ni nani? Mzee wetu ako wapi? Mmebadilisha mwili mochari?" Nikajaribu kusema nguzo, stima, Sindo, lakini maneno yalitoka vipande vipande, na vijana walikuwa wameanza kunisogelea. Niliogopa. Kisha simu ya mwenyekiti ikalia. Alisikiliza, akanitazama, akasikiliza tena.

"Mwili uko barabarani," akawaambia watu. "Uko nyuma ya lori ya huyu mama. Imeziba kona yote. Hakuna kitu inapita."

Kona ya murram

Tulirudi kundi zima, wengine kwa miguu, wengine wanne wanne juu ya bodaboda, na mimi nimembeba Mama Consolata na binti zake. Nilikuwa nasikia aibu hadi masikioni.

Mwita alikuwa amesimama kando ya lori, kofia mkononi. Bila mtu wa kumwongoza alikata kona mapema kidogo, magurudumu ya nyuma ya trela yakateleza kwenye mtaro, na mkia wa nguzo ukapita juu ya ua wa mkonge na kuzuia njia yote. Matawi yake yalikuwa bado yananing'inia pale. Nyuma yake lilisimama gari lililombeba marehemu, na nyuma ya hilo msururu wa magari ya ndugu. Nilipoyaona yale matawi kwa mara ya kwanza nilielewa kila kitu, nikamwangalia Mwita, akaniangalia, na sote tukaangalia chini.

Mwenyekiti alitaka jeneza litolewe, vijana walibebe begani wapite katikati ya mkonge hadi upande wa pili. Wengine walishaanza kufungua mlango. Mama Consolata akashuka kwenye pikapu yangu.

"Acheni," akasema. "Mzee hapiti shamba ya watu kama mtu amefukuzwa. Alitoka nyumbani na hii barabara, atarudi na hii barabara. Toeni hiyo mti kwanza. Nyinyi si mko wengi?"

Walikuwa wengi kweli, na walikuwa na nguvu ambayo hawakujua waipeleke wapi. Kamba za mahema zililetwa kwa bodaboda. Wengine walibeba mawe kujaza mtaro. Mwita alibadilika akawa mtu mwingine. Aligonga minyororo yake mmoja baada ya mwingine kwa ile nyundo, na mmoja ulipotoa sauti asiyoipenda alisimamisha kazi yote, akaufunga upya, na hakujali mwenyekiti alivyofoka. "Huu ukikatika hizi mti zinashuka na watu," akasema. "Tutakuwa na matanga mingi." Hakuna aliyefoka tena. Akawapanga watu mbali na ubavu wa mzigo, kamba mbili upande wa juu, na mimi akanipa kazi yangu, kusimama mkiani nikiwa jicho lake.

Kulikuwa na waumini waliokuja na ngoma ya kanisa. Walianza kuipiga polepole, na watu wakavuta kwa mdundo huo huo. Mara ya kwanza trela ilipanda kidogo, ikarudi, na mawe yakaruka. Nilipiga kelele wasimame. Saa zilikuwa zinakwenda, mzee wa watu amelala pale, na kwetu mama yangu anangoja nguzo hizi hizi. Nilimwomba Mungu waziwazi, kwa sauti, wala sikujali nani ananisikia. Mara ya pili ngoma iliongezwa, akina mama nao wakaingia kwenye kamba, Mwita akakanyaga mafuta, na gurudumu la nyuma likaung'ang'ania ukingo wa mtaro, likapanda. Nilimpungia kulia, kulia tena, nyoosha. Mkia ulitoka kwenye mkonge taratibu, ukanyooka na barabara.

Hakuna aliyeshangilia. Watu waliachia kamba, wakapangusa mikono, wakasogea kando. Mwita aliliegesha lori mahali njia ilipopanuka, akazima injini, akafungua yale matawi yote akawapa vijana wa bodaboda wayafunge panapostahili. Gari la marehemu likapita, na vilio vikaanza upya. Mimi pia nililia, na sikuwa namjua yule mzee.

Kwa Mama Consolata

Mwenyekiti alinitaka nitangulie, maana hasira ilikuwa imemwisha na alijua nina safari. Mwita ndiye aliyekataa. "Mimi siwezi kupita mzee," akasema, na kweli tulikwenda nyuma ya wote, kwa mwendo wao, hadi kwenye boma. Tulipofika jua lilikuwa limeelekea kuzama, na lori lisingeruhusiwa kuendelea. Tulilala hapo. Tulipewa ugali, nyama na chai ya maziwa, na kila aliyepita mbele yangu aliniuliza kama viazi vimebaki. Ilinichukua muda kujua kwamba ni utani na kwamba nimesamehewa.

Asubuhi nilikwenda kumuaga mjane. Ilikuwa siku ya mazishi, na kuondoka nyumba ya matanga asubuhi ya mazishi si adabu. Nilimweleza kuhusu mama yangu, viboko, kreni na saa sita.

"Mama yako anaitwa nani?" akaniuliza.

Nikamtajia.

"Mwambie mzee wangu amemfungulia njia," akasema. "Sasa nenda, mbona umesimama?"

Mbita hadi Sindo

Mwenyekiti alituma bodaboda sita zitusindikize, bila matawi. Wale vijana walifanya kazi ambayo mimi na Ouma tusingeiweza: mmoja mbele kabisa anasimamisha magari, wanne kwenye kila kona, mmoja nyuma ya mkia. Pale Mbita walituvusha kwenye msongamano wa soko kwa kelele tu. Baada ya hapo barabara inafuata ziwa, na mimi nilikuwa naangalia saa kuliko nilivyoangalia barabara. Fundi mkuu hakupokea simu zangu. Nikampigia tena.

Tulipoteremka kuelekea korongo niliona kreni. Ilikuwa imeshakunja mkono, na fundi mkuu amekaa kwenye gari lake, mlango wazi, anakula muhindi wa kuchoma.

"Mmechelewa," akasema.

"Saa sita bado."

Aliangalia simu yake, akaangalia lori, akawaangalia wale vijana waliojifunga vitambaa vyekundu kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi. "Na hawa ni nani?"

"Watu wa matanga."

"Nani amekufa?"

"Nitakuambia. Teremsha kreni kwanza."

Alimaliza muhindi wake wote, akatupa gunzi, ndipo akapiga mluzi kuwaita mafundi. Vijana wa bodaboda hawakungoja hata maji, waligeuza wakarudi kumzika mzee wao. Mama yangu alikuwa upande wa pili wa korongo na majirani. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani tangu jana. Alivuka kwa fimbo yake, taratibu, akasimama mbele yangu akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Umechelewa," akasema. "Chai imepoa."

Kisha akanishika mkono, na hakuuachia mpaka nguzo ya kwanza iliposimama.

Kwetu

Wengine mliniuliza kwa nini sikurudi Migori siku ile ile. Nguzo zilisimama, lakini nyaya bado zilitaka siku kadhaa, na nilitaka kuona mwisho wake. Nililala kitanda kimoja na mama. Kila siku kabla ya mapambazuko nilimkuta ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda gizani, kichwa amekiinamisha. Nilidhani anasali. Alikuwa anasikiliza viboko wakirudi ziwani kutoka malishoni, kwa sababu hakuna anayethubutu kutoka na mtungi kabla hawajapita. Aliniambia wanawake wote wa upande ule huamka hivyo. Sikuwa nimejua. Kwenye simu hakuwahi kuniambia.

Maji yalikuja jioni moja. Bomba lilikohoa, likatema tope, likatema hewa, halafu yakatoka meupe. Mama aliweka ndoo, akajaza, akaweka nyingine, akajaza, mpaka vyombo vya nyumbani vikaisha, na hata bakuli la mboga lilikuwa na maji. Sikumzuia.

Kesho yake niliamka jua limeshaingia dirishani. Nilishtuka, nikageuka haraka kumtafuta. Alikuwa pale kando yangu, ameegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma. Nje jirani alikuwa anafika kumsalimia, anamwita jina lake kwa sauti kubwa. Nikatoka bila viatu, nikafunga mlango nyuma yangu, nikajiwekea kidole mdomoni.

"Bado amelala," nikamwambia.